Kuandika na kuahirisha: maswali ninayoulizwa mara kwa mara na waandishi wa Lubumbashi

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu: memwari, yaani tasnifu, za wanafunzi wa Kasapa, chuo kikuu chetu, riwaya, mashairi, michezo ya kuigiza, mahubiri, historia za familia. Anayeniletea karatasi huja na swali la sarufi, lakini tukikaa kidogo linatoka lile lingine: kwa nini kazi imemkalia muda mrefu hivi, na atafanyaje ili sehemu iliyobaki isimshinde. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi zaidi, pamoja na majibu ninayowapa.

Kuahirisha si uvivu tu?

Hapana, na hili tulimalize kwanza maana linaumiza watu bure. Mvivu hana shida na kazi ambayo haijafanyika. Analala usingizi wake. Anayeahirisha halali vizuri. Siku aliyopanga kuandika sura ya tatu ndiyo siku aliyofua nguo zote, akapanga vitabu upya, akaenda soko la mtaa wa Kenya hapa mjini kununua makala, yaani makaa ya kupikia, wakati gunia la nyumbani bado lina nusu, akarudi akafagia lupango nzima, yaani kiwanja chote cha nyumba. Jioni amechoka kwelikweli, na sura ya tatu haijaguswa.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliliandikia jambo hili mwaka 2013, na maelezo yao yananisaidia mpaka leo. Wanasema anayeahirisha anatafuta kutuliza moyo kwa muda. Kazi inaleta hisia mbaya: woga, aibu, kuchoka, kutojua uanzie wapi. Mtu anaikwepa kazi ili aikwepe hisia hiyo, anapata nafuu palepale, na nafuu ile ndiyo inayomfundisha kukwepa tena siku ya pili. Kwa hiyo mimi simwambii mtu ajikaze. Namuuliza: katika ukurasa huu, kuna kitu gani unachokikimbia?

Mara nyingi jibu liko karibu. Kijana mmoja alikuwa anaandika maisha ya babu yake, mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, tangu kabla mgodi haujataifishwa mwaka 1967. Sura za utoto, za treni, za nyumba za kambi, alizimaliza vizuri. Akafika kwenye ugomvi wa nyumba baada ya babu kufa, akasimama miezi. Alijiita mvivu mbele yangu. Tulipozungumza ikaonekana anamwogopa shangazi yake, ambaye bado anaishi katika nyumba ileile. Nikamwambia aende kwa shangazi na karatasi tupu, amwombe asimulie mambo yalivyokwenda kwa upande wake. Alirudi na kurasa zaidi kuliko alizohitaji. Shangazi alikuwa na hamu ya kuulizwa.

Lupango yetu ina watu wengi na watoto hawanyamazi. Niandikie wapi?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na vitabu vingi vya mashauri kwa waandishi haviligusi kwa sababu vinaanza na chumba chenye mlango unaofungwa. Kwetu watoto wanne wanalala chumba kimoja, sebule inakuwa chumba cha wageni usiku, na uani kuna wapangaji. Mtu akikaa peke yake na karatasi, atasemwa ana majivuno, au anaumwa, au, na hili ndilo linalokata moyo zaidi, hana kazi. Ndipo anapotumwa: "Kwa kuwa umekaa tu, nenda utazame kama maji yametoka." Anayeshona nguo hatumwi hivyo. Cherehani inalia na kila mtu anasikia kwamba kazi inaendelea. Kuandika hakuna sauti.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mahali, tafuta ruhusa. Nenda kwa anayeongoza nyumba, awe mama, baba, yaya (kaka au dada mkubwa) au mama mkwe, wakati ametulia, usingoje mpaka akutume ndipo ukasirike. Sema kitu kama hiki: "Mama, nina kazi ya kuandika ambayo nataka iishe kabla mvua hazijaanza. Nakuomba, tokea saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili asubuhi usinihesabu. Saa kumi na mbili nitachota maji mimi mwenyewe." Saa hiyo ina mwisho unaojulikana, kuna kitu unachorudisha, na umeomba, hukutangaza. Mzazi aliyeombwa hivi anageuka mlinzi. Nawajua mama wasiosoma ambao wanawarudisha wageni mlangoni kwa maneno mawili tu: "Yuko kazini."

Na timiza ahadi ya maji. Ukiivunja mara moja, saa yako imekwisha.

Kwa wanawake wenye watoto jambo ni zito zaidi, na hapa nasema wazi. Mwanamke anaitwa na kila mtu nyumbani, hata na mgeni. Saa yake ya kuandika haiwezekani mpaka kuna mtu mwingine aliyeshika mbabula, jiko la makala, anayeosha watoto na kuwavisha sare, na mtu huyo kwanza awe mume. Waandishi wanaume wengi hapa mjini wameandika kwa sababu bibi zao waliwanyamazisha watoto. Bibi akitaka kuandika, anamdai mumewe saa zilezile.

Kuhusu mahali penyewe, chagua kona moja na usiibadilishe: kiti kilekile, umetazama ukuta, mgongo kwa njia ya watu. Watu wa nyumbani watazoea kwamba ukiwa kwenye kiti kile hauko. Nyumbani pakishindikana kabisa, kuna madarasa ya shule baada ya masomo, ukimwomba mkuu wa shule kwa barua fupi. Kuna ukumbi wa parokia siku za katikati ya juma. Kuna maktaba za chuo. Baa usijidanganye nazo, hata zile ambazo asubuhi zinaonekana tulivu.

Umeme ukikatika siandiki. Hiyo nayo mnaiita kuahirisha?

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni kweli, na anayekaa bila umeme siku mbili hahitaji kuhubiriwa. Ila tazama kazi yako kwa makini, utaona ziko mbili. Kutunga hakuhitaji umeme. Kuchapa kunahitaji. Anayetunga moja kwa moja kwenye kompyuta amezifunga kazi zote mbili kwenye waya mmoja, na waya ukifa zote zinakufa.

Mpango ninaowapa watu ni huu. Tunga kwenye kaye, yaani daftari, kwa biki. Andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uache wazi kwa masahihisho. Weka namba na tarehe kila ukurasa. Kabla ya kufunga kaye, andika mstari mmoja wa kile kinachofuata, hata kama ni maneno matatu: "Mjomba anafika, hajui." Siku ya pili utaanza hapo, hutakodolea macho ukurasa mweupe. Kisha piga picha kurasa za siku hiyo kwa simu, maana kati ya Novemba na Machi mabati yanavuja, na kaye iliyoachwa mezani hugeuka karatasi ya kufungia karanga.

Umeme ukirudi, jambo la kwanza ni kuchapa kurasa za jana, kabla ya televisheni na kabla ya kupiga pasi. Unapochapa unasahihisha, kwa hiyo umeme unakuta kazi yake inakungoja. Kama kompyuta yako ni ile ya mezani isiyo na betri, hifadhi baada ya kila aya.

Sina kompyuta kabisa.

Anza na kaye. Ngũgĩ wa Thiong'o alipofungwa katika gereza la Kamiti nchini Kenya, mpaka alipoachiwa Desemba 1978, aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Simtaji ili uteseke. Namtaja kwa sababu riwaya ile ilitoka, ikasomwa, na hakuna msomaji aliyeuliza iliandikwa kwenye nini.

Baadaye kuna vibanda vya kuchapa, na karibu na Kasapa viko vingi. Wanatoza kwa ukurasa. Peleka mwandiko unaosomeka, majina ya watu na ya mahali yaandike kwa herufi kubwa, na kaa pale wakati anachapa kurasa za kwanza ili azoee mkono wako. Omba faili yenyewe kwenye flashi yako na uitume pia kwa barua pepe yako. Mtu akiondoka na karatasi tu, ameiacha kazi yake kwenye mashine ya mtu mwingine.

Saa gani inafaa kuandika?

Ile unayoweza kuirudia kesho yake. Wengine ni watu wa alfajiri, wengine wanaamka akili usiku watoto wakishalala. Jambo lenye nguvu ni kuipa kazi saa na mahali kabla. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, katika utafiti wao uliotoka mwaka 1997, waliwaomba wanafunzi huko Ujerumani waandike ripoti ya jinsi walivyokaa mkesha wa Krismasi na kuituma ndani ya siku mbili. Wale walioambiwa waseme mapema watakaa wapi na saa ngapi, wengi wao, karibu robo tatu, waliituma kwa wakati. Kati ya wale ambao hawakuambiwa hivyo, theluthi tu. Nia ilikuwa ileile kwa wote.

Kwa hiyo usiandike kwenye kaye "juma hili nitaandika." Andika: "Nikishamaliza chai ya asubuhi, nakaa kwenye kiti cha ukutani, naendelea na mjomba."

Hali ya hewa ya mji wetu pia uiheshimu. Juni na Julai asubuhi ni baridi na vidole havitii, basi sogeza saa yako mpaka jua lipande. Oktoba mchana ni joto la kuumiza kichwa, rudi alfajiri. Na tafadhali, usiingize mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa ili upate joto ukiandika. Moshi ukishatulia mtu anadhani hakuna hatari, kumbe gesi ya makala haina harufu wala rangi, nayo inaua mtu akiwa amesinzia tu.

Ningoje mpaka roho iniguse?

Ikikugusa, andika. Isipokugusa, andika pia, na wiki nzima ikipita soma kurasa zote pamoja. Katika kazi ninazosahihisha siwezi kutofautisha ukurasa ulioandikwa kwa furaha na ule ulioandikwa kwa kulazimisha, na waandishi wenyewe nikiwauliza mara nyingi wamesahau ni upi ulikuwa upi.

Mimi nafanya vizuri siku ya mwisho ikikaribia. Kwa nini nibadilike?

Nasikia hili hasa kwa wanafunzi, na ninalijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kweli. Siku ya mwisho inakuondolea chaguo. Huogopi tena kuandika vibaya kwa sababu kutowasilisha kumekuwa jambo la kuogopwa zaidi. Ndiyo maana maneno yanatoka. Lakini angalia gharama.

Mwaka 1997 Dianne Tice na Roy Baumeister walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Mwanzoni mwa muhula, waahirishaji walikuwa na raha kuliko wenzao: wasiwasi mdogo, magonjwa machache. Mwisho wa muhula mambo yakageuka, wakawa na wasiwasi zaidi na maradhi zaidi, na ukijumlisha muhula wote waliumia kuliko wenzao. Alama zao nazo zilikuwa za chini. Mimi sihitaji kwenda Marekani kuliona. Kazi iliyoandikwa usiku wa mwisho naitambua kwa hitimisho lake: sura ya kwanza ina kurasa ishirini zilizotulia, ya mwisho ina kurasa nne zinazokimbia, na mchango wa mwandishi mwenyewe, ambao ndio uliotufanya tumsome, umebanwa humo.

Kinachosaidia ni kuivunja ile siku moja ya mwisho iwe kadhaa. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, katika utafiti wao wa mwaka 2002, waliwapa watu maandishi matatu ya kusahihisha ndani ya wiki tatu. Waliopangiwa kurudisha moja kila wiki waligundua makosa mengi zaidi. Walioachiwa wajipangie tarehe wenyewe walikuwa katikati. Walioambiwa walete yote siku ya mwisho walifanya vibaya kuliko wote. Kama mtu wa masahihisho, utafiti huu naupenda sana.

Kwa hiyo usimwachie mwalimu wako tarehe moja ya Julai. Mwombe mwenyewe: "Profesa, naomba nikuletee sura ya kwanza tarehe 10, ya pili tarehe 30." Tarehe uliyojiwekea peke yako kichwani ina nguvu kidogo. Iliyo mdomoni mwa mtu mwingine ina nguvu zaidi.

Na jambo dogo ambalo limewakosesha watu mashindano: tangazo likisema mwisho ni saa sita usiku, tazama ni saa ya mji gani. Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Tangazo la Kinshasa linakupa saa moja zaidi. La Nairobi linakunyang'anya moja.

Bado nasoma. Sijasoma vya kutosha kuanza kuandika.

Utajuaje kama vimetosha? Anza kuandika. Ukurasa utakuonyesha shimo liko wapi, na kitabu utakachokitafuta baada ya hapo utakisoma kwa swali mkononi. Anayesoma bila kuandika hana njia ya kujua ni kitu gani anachokosa, kwa hiyo anakosa vyote na hamalizi kamwe. Andika nafasi tupu pale usipojua: "HAPA: mwaka gani reli ilifika?" na endelea.

Narudia ukurasa wa kwanza kila siku. Ni mzuri sasa, lakini sina wa pili.

Ufunge. Nasema kwa kitendo: ubane kwa pini au uupe mtu mwingine akutunzie mpaka umalize sura. Ukurasa wa kwanza wa kitabu huandikwa mara ya mwisho, kwa sababu mwanzoni hujui bado kitabu kinaelekea wapi. Waandishi ninaowafahamu wanaorudia ukurasa wa kwanza ni watu wenye sikio zuri, na hilo sikio ndilo linalowatesa. Linasikia kosa kabla mkono haujatoa sentensi. Sikio litapata kazi yake wakati wa kusahihisha. Mpe mkono zamu kwanza.

Simu inanila.

Iweke chumba kingine, ikiwa imezimwa, au mpe mtu. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi. Kama ni simu hiyohiyo unayoandikia, zima data kabla ya kukaa. Megabaiti ni pesa, kwa hiyo hili hata mfuko utalishukuru. Na kazi ikihitaji kutafuta jambo kwenye intaneti, liandike pembeni mwa kaye na ulitafute saa ya kuandika ikishapita.

Nina kazi ya kutwa. Kitabu kitaandikwa lini?

Asubuhi kabla ya kazi, au usiku, kidogo kidogo, kama walivyofanya wengi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha huko Tanganyika tangu 1926 mpaka 1944. Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Anthony Trollope alifanya kazi katika posta ya Uingereza kwa miaka mingi, na alikuwa mezani kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Kitu kinachonigusa kwa Trollope ni mtumishi wake mzee: alimlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe. Mwenyewe alikiri kwamba alidaiwa shukrani na yule mzee kuliko mtu mwingine yeyote kwa mafanikio yake. Maana yake ni kwamba hata yeye hakujiamini peke yake. Tafuta wa kukuamsha.

Usichukue maneno 250 kwa robo saa yawe kipimo chako. Mwanasaikolojia Robert Boice wa Marekani, aliyefanya kazi miaka mingi na walimu wa vyuo vikuu walioshindwa kuandika, aliwatoa kwenye kungoja siku nzima iliyo wazi na kuwaweka kwenye vipindi vifupi vya kila siku ya kazi. Nusu saa inatosha kwa aya mbili. Mwalimu wa shule anayeandika aya mbili kila siku ya masomo anakuwa na rasimu kabla mwaka wa shule haujaisha, na wanafunzi wake hawajui hata kwamba anaandika.

Ningoje mpaka nijue Kiswahili sanifu vizuri? Au niandike Kifaransa?

Hapa mjini swali hili limefunga vitabu vingi. Mtu anaongea Kiswahili cha Lubumbashi tangu asubuhi, anaota kwa hicho, lakini akishika biki anaona aibu: Kifaransa hakimtoshi kwa mambo ya nyumbani, na Kiswahili cha Dar es Salaam anakisikia kama nguo ya kuazima. Anasubiri lugha ije.

Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa mji huu, watu waliopika na kufua katika nyumba za wazungu, kilitoa historia ya Elisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo. Aliyeikusanya na kuiandika aliitwa André Yav. Iliandikwa kwa Kiswahili chao cha kila siku, bila kungoja idhini ya sarufi yoyote. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, na leo wanahistoria wanaisoma kwa makini kwa sababu inasema mambo ambayo karatasi za serikali ya kikoloni hazikuyasema. Kama watumishi wale wangesubiri kujifunza Kiswahili sanifu, tungepoteza sauti yao.

Andika rasimu kwa lugha inayotoka. Kama mchapishaji anataka sanifu, hiyo ni kazi ya baadaye na kuna watu wa kukusaidia, mimi nikiwa mmoja wao. Ninaposahihisha riwaya ya Lubumbashi, mazungumzo ya watu wa mtaa wa Katuba nayaacha kama Katuba wanavyoongea.

Nimewasimulia rafiki zangu hadithi yote, sasa sina hamu ya kuiandika.

Inatokea. Umeshapata vicheko na masikitiko ambayo ungeyapata kwa kitabu. Kuanzia sasa wasimulie kwamba unaandika, na lini utamaliza, lakini hadithi yenyewe iweke. Ile iliyokwisha kusimuliwa, mrekodi mmoja wa rafiki hao akiisimulia upya. Atakosea mahali, utakasirika, na utaandika ili umsahihishe.

Kikundi cha waandishi kinasaidia?

Kinasaidia kikiwa kidogo na kila mtu akija na kurasa. Kikundi ambacho watu wanakuja kuzungumzia uandishi ni kuahirisha kwa pamoja, tena kwa soda. Sheria moja inatosha: asiye na ukurasa anasikiliza tu siku hiyo. Watu wanne au watano, nyumba ya mmoja wao Jumamosi mchana, kila mmoja anasoma kwa sauti. Kusoma kwa sauti kunafichua mengi. Sentensi isiyosomeka bila kuvuta pumzi katikati, mwandishi mwenyewe ataikata kabla hajaambiwa.

Nimefiwa. Siandiki tangu msiba. Nijilazimishe?

Hapana. Huku si kuahirisha, na usikubali mtu akwambie vinginevyo. Kaa na watu wako mpaka matanga yaishe na baada ya hapo pia. Ukiona unataka kushika biki, andika juu ya marehemu, kwa ajili yako, bila kufikiria kitabu. Kazi ile nyingine itakuwepo. Ila usingizi ukikataa kwa muda mrefu, chakula kikakataa, na kila kitu, siyo kuandika tu, kimekosa ladha, zungumza na daktari au mtu unayemwamini.

Nimechelewa miezi. Naona aibu kumwandikia profesa anayeniongoza. Nimwambie nini?

Aibu hii ndiyo inayochelewesha kuliko kazi yenyewe. Mwanafunzi anabadilisha njia chuoni asikutane na mwalimu, hajibu simu, na kila juma linalopita ujumbe unakuwa mgumu zaidi kuuandika. Wakati huohuo profesa ana wanafunzi wengi na huenda hajahesabu miezi.

Usiandike maelezo marefu ya sababu. Usingoje sura ikamilike. Chukua kurasa ulizonazo, hata zikiwa sita, na utume leo na maneno haya au yanayofanana nayo:

"Jambo Profesa. Naomba radhi kwa kimya changu. Nakuletea kurasa sita za sura ya pili, hazijakamilika. Nimekwama kwenye sehemu ya mahojiano, sijui kama niyapange kwa miaka au kwa mitaa. Naomba dakika 15 zako siku utakayoipanga wewe. Kurasa zinazofuata nitakuletea tarehe 22."

Ujumbe huo una kurasa, una swali moja analoweza kulijibu, na una tarehe. Profesa akikosa kujibu ndani ya juma, usikae ukingoja. Nenda ofisini kwake asubuhi na kurasa zilezile zimechapwa, na tarehe 22 mpelekee nyingine hata kama bado hajazisoma za kwanza.